Kujifunza bila Mwalimu: Chimbuko la Upigaji Gitaa wa Mwenda Jean Bosco

Mwenda Jean Bosco (1930–1990), mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga, hutajwa miongoni mwa wapigaji gitaa waliojifunza wenyewe. Iwapo maana yake ni kwamba hakupitia chuo cha muziki, sifa hiyo haina ubishi. Utata huanza pale inapochukuliwa kuwa mbinu yake haikuwa na chimbuko nje ya nafsi yake.

Katanga ya ujana wake ilikuwa na mengi ya kusikilizwa. Migodi ya shaba ilikusanya wafanyakazi kutoka jamii nyingi. Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja, na magitaa na santuri vikaingia katika makazi yao. Mwenda mwenyewe alikuwa Myeke, yaani wa jamii ambayo waasisi wake, chini ya Msiri, walitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Hata hivyo, nyimbo zake nyingi zilizovuma ni za Kiswahili.

Ushahidi ulio bayana zaidi umo katika vidole. Mwenda alitumia viwili tu vya mkono wa kulia: gumba kwa nyuzi za besi, na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba zinazobeba kiimbo. Katika “Masanga”, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, sauti hizo mbili hupishana kiasi kwamba msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. David Rycroft aliuchambua upigaji huo kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Baadhi ya watafiti huuhusisha na likembe. Ulinganisho huo una mashiko katika namna sauti zinavyofumana, lakini usipitilizwe: likembe huchezwa kwa mikono yote miwili, ilhali katika gitaa kazi yote ya kudonoa huangukia mkono mmoja. Kwa hiyo, alichoweza kurithi Mwenda ni sikio la mfumano huo. Mkono ulibidi autafutie njia mwenyewe.

Njia hiyo haikubaki kuwa siri yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, ambako upigaji wa vidole viwili ulikuwa na wafuasi wengi. Baadaye Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza mtindo huo kwa wapigaji wenyewe, akiwemo Mwenda, na akachapisha kumbukumbu za safari hiyo mwaka 1982.