Mwanao ni mwanamichezo? Usimnyime ugali

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, wazazi wenye watoto wanamichezo hupewa ushauri wa kila aina kuhusu chakula. Wapo wanaoambiwa wamkataze mtoto ugali ili awe mwepesi, na wapo wanaoshauriwa kununua kopo la unga wa protini. Mengi ya hayo si sahihi, na mengine yanaweza kumdhuru mtoto.

Dhana ya 1: Ugali na wali humfanya mchezaji awe mzito

Wanga ndio chanzo kikuu cha nguvu mtoto anapokimbia kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia mlo wa wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya kwa siku 7, ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, ugali ukiwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Mpe mwanao ugali, wali, viazi au ndizi saa 2 hadi 3 kabla ya mchezo. Muda ukiwa mfupi, ndizi mbivu moja inatosha.

Dhana ya 2: Bila unga wa protini misuli haikui

Kijana wa kilo 50 anayefanya mazoezi makali anahitaji takriban gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, na yai moja gramu 6. Ukiongeza dagaa, maziwa na karanga, kiasi hicho kinapatikana nyumbani.

Makopo hayo yana hatari nyingine. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kukuta takriban 15 katika kila 100 vina homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mchezaji anaweza kufungiwa kwa kitu asichojua amekinywa.

Dhana ya 3: Vinywaji vya kuongeza nguvu vinafaa kabla ya mechi

Vina kafeini na sukari nyingi, na havifai kwa watoto. Maji yanatosha kwa mazoezi mengi. Anywe kadiri ya kiu yake, asilazimishwe kunywa kupita kiasi.

Dhana ya 4: Binti anayefanya mazoezi kukosa hedhi ni kawaida

Hii ndiyo dhana ya hatari zaidi. Mwili usipopata chakula kinacholingana na mazoezi, huanza kubana matumizi. Hedhi husimama, mifupa hupungua uimara na mtoto hupata nyufa ndogo kwenye mifupa ya miguu, hasa kwenye muundi. Tangu mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikitahadharisha kuhusu tatizo hili, ambalo huwapata hata wavulana. Miaka ya ujana ndiyo mifupa hujengwa; nafasi hiyo ikipita si rahisi kuirudisha.

Mzazi, usimsifie binti yako kwa kukonda, na kocha akimwambia apunguze uzito, uliza sababu. Zungumza naye kuhusu hedhi bila kumwonea haya wala kumtisha.

Lini umuone daktari?

Mpeleke hospitali ikiwa hedhi imekosekana kwa miezi 3, au ametimiza miaka 15 bila kuvunja ungo. Daktari atachunguza pia sababu nyingine, ikiwemo ujauzito. Nenda vilevile ikiwa ana maumivu ya mfupa yasiyoisha, anachoka kupita kawaida, anaishiwa pumzi upesi au anaumia mara kwa mara. Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa damu, hivyo aombewe kipimo.

Nyumbani, ongeza kiasi cha chakula siku za mazoezi, mpe mboga za majani na matunda, na chai asiinywe pamoja na mlo kwa sababu huzuia madini chuma kufyonzwa. Akitoka uwanjani, asisubiri chakula cha usiku. Uji wa maziwa au kiporo cha mchana kinamfaa.