Jirani mwenye daftari

Ukinunua ekari mbili kando ya mto wa msimu huko Kitui, hakuna atakayekukabidhi kitabu cha masharti. Hakuna lango la chuma, hakuna mlinzi wa kuandika namba ya gari lako, wala ada ya kuzolewa taka. Lakini majuma machache hayapiti kabla mwenyekiti wa kikundi hajabisha hodi. Atakaribishwa kiti na chai, atauliza habari za ulikotoka na za watoto, kisha ataingia katika lililomleta: wiki ijayo watu wanatoka kujenga bwawa la mchanga. Je, kwako atatoka nani?

Hapo ndipo mnunuzi anapotambua kwamba pamoja na udongo amenunua uanachama.

Watu wa mijini wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Nairobi ina vyama vya wakazi vyenye mawakili na akaunti za benki. Kile cha Karen na Lang'ata kilijulikana katika miaka ya 1990 kwa kulipeleka mahakamani baraza la jiji kuhusu kodi za ardhi ambazo wakazi hawakuona zikirudi kwao kama huduma. Nchini Marekani, ambako zaidi ya watu milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya wenye nyumba, kamati ya majirani inaweza kukuchagulia rangi ya ukuta. Mwenye kulimbikiza deni la ada huko anaweza, katika majimbo mengi, hata kupigiwa nyumba yake mnada. Kenya nayo ilitunga sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2020: mwenye fleti yenye hati yake mwenyewe anakuwa mwanachama wa shirika la jengo lile, atake asitake, na shirika hilo lina haki ya kumdai mchango.

Kitui na Makueni hakuna fleti nyingi. Kilichopo ni mwethya.

Mwethya ni kundi la majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Zamani mwenye boma aliyetaka kusimamisha nyumba au kufyeka shamba aliwaita watu wa utui wake, yaani majirani wa kijiji kimoja, naye akawaandalia chakula na pombe. Aliyekula leo alijua atatoa jasho kesho. Serikali ya kikoloni iliutazama mtindo huu ikadhani imepata vibarua wa bure. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeila Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, na dawa iliyotolewa ilikuwa kuwapunguzia Wakamba, wenyeji wa huko, ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Mifugo ikarudishwa, yeye akapelekwa kizuizini Lamu. Kazi ya kuchimba matuta kwa amri ya chifu nayo iliendelea kwa kununa hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, vikundi viliporuhusiwa kujichagulia viongozi na kupanga zamu zao wenyewe. Wengi waliojitokeza walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa wametawanyika kutafuta mishahara. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, yalienea mlima baada ya mlima, na sehemu kubwa yake haikulipiwa na serikali yoyote. Jembe lilikuwa lile lile na mlima ule ule. Aliyebadilika ni mwenye kuamua.

Siku hizi kazi kubwa ya vikundi hivi ni maji. Ukambani kuna misimu miwili ya mvua, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wanayoitegemea zaidi wakulima. Mito hujaa kwa saa chache kisha inabaki mchanga mtupu. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa namna hiyo. Mafuriko huleta mchanga, nao hukwama nyuma ya ukuta mpaka, baada ya msimu mmoja au kadhaa, ufike ukingoni. Katika mchanga huo, kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wake inaweza kuwa maji, yaliyojificha mbali na jua, mbu na kwato za ng'ombe. Joshua Mukusya na wenzake walianza kazi hii Utooni, upande wa Machakos, mwaka 1978. Huko Kitui shirika la SASOL liliichukua katika miaka ya 1990 na kusaidia jamii kujenga mamia ya mabwawa.

Mfadhili huleta saruji, nondo na fundi. Yaliyobaki ni ya majirani: mawe, mchanga, maji ya kukorogea, na kuchimba msingi mpaka mwamba uonekane. Siku ya kazi huanza kabla jua halijawa kali. Katibu anakaa chini ya mgunga na daftari la mistari lililokunjika pembe, majina upande wa kushoto, tarehe juu, alama ya vema kwa aliyefika. Aliyechelewa huandikiwa faini ndogo. Asiyeweza kuja humtuma mwanawe au mkaza mwana, au hulipa kibarua wa kusimama mahali pake. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka sokoni kwa kawaida huchagua kulipa, na wapo wanaonung'unika kwamba wenye pesa wananunua jasho la wengine. Hata hivyo daftari halina safu ya kuandikia cheo cha mtu.

Kabla ya jiwe la kwanza kuna jambo gumu kuliko mawe. Ukuta una ncha mbili, na kila ncha hugusa shamba la mtu. Wenye mashamba hayo wanapaswa kukubali ukuta, njia ya wachota maji na njia ya mifugo kupita kwao daima, na mashirika mengi hudai makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini. Barua hiyo isipoandikwa, ugomvi huja na kizazi cha pili. Mzee aliyetoa ruhusa kwa mdomo akifa, mwanawe aliyekuwa Mombasa anarudi, anaweka ua wa miba, na akina mama wenye mitungi wanakuta njia imefungwa.

Na asiyetoka kabisa, asiyelipa wala kutuma mtu, hufanywa nini? Kikundi hakiwezi kuipiga mnada nyumba yake. Kinaweza kumtoza bei ya mgeni kwenye kioski cha maji, au kumnyima zamu katika kitalu cha miche na chama cha kukopeshana. Adhabu kubwa zaidi haiandikwi popote. Siku akifiwa, hema litachelewa, sufuria za kuazima hazitapatikana, na vijana wa kuchimba kaburi watakuwa na udhuru. Mwandishi huyu anaona hukumu hiyo ni nzito kuliko ya mahakama nyingi, na si ya haki kila mara: mjane anayelea wajukuu hujikuta kwenye orodha moja na mvivu, mpaka atokee mtu wa kumsemea mkutanoni.

Nguvu hiyo huyumba pesa zinapoingia. Kyuso, kaskazini mwa Kitui, inatoa funzo la wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo katika mikono ya pampu za visima, vikawa vinatuma ujumbe wa simu kuonyesha pampu inavyotumika. Fundi alijua pampu imekufa bila kungoja barua ya kamati. Muda wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kampuni ya huduma iitwayo FundiFix ikazaliwa kutokana na jaribio hilo, na majirani wakaombwa kulipa kila mwezi kabla pampu haijaharibika. Ugumu ulikuwa hapo hapo. Mvua ikinyesha, watu huteka maji ya bure karibu na nyumbani na mchango unakauka. Kiangazi kikirudi, kila mtu anaikumbuka kamati.

Mchanga wenyewe nao ni pesa. Malori ya kwenda Nairobi yanaweza kuondoka na akiba ya maji ya kijiji kizima, na kwa mwenye shamba lililopakana na mto kishawishi hicho si kidogo. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya ugomvi uliomwaga damu katika mito ya kaunti hiyo. Penye kikundi hai, watu wa kwanza kusikia lori usiku ni wanachama. Penye kikundi kilichokufa, hata polisi wanachelewa kupata habari.

Serikali imejaribu mara kadhaa kuupanda mgongo ujirani huu. Nyumba Kumi, mpango wa usalama uliotangazwa mwaka 2013 kwa kuiga Tanzania, ulitaka majirani wajuane. Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, ilienda mbali zaidi: mikutano ilianza vijijini, na kila mradi ulipewa kamati ya wakazi ambayo kauli yake ilihitajika kabla ya mkandarasi kulipwa. Kinyume chake ni Malili, kwenye ukingo wa kaskazini wa kaunti hiyo hiyo. Mji wa teknolojia wa Konza ulipozinduliwa huko Januari 2013, ardhi ya kuuzunguka kwa kilomita 10 iliwekewa vizuizi vya ujenzi na ugawaji. Wenye mashamba walijikuta na masharti makali kama ya mtaa wa kifahari, ila bila kamati yao ya kuyajadili.

Kwa vikundi vyenyewe, sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba na maafisa wanaojulikana. Wengi hulalamikia makaratasi hayo. Lakini ugomvi mwingi wa kamati za maji hausababishwi na katiba. Unasababishwa na mweka hazina ambaye ni shemeji wa mwenyekiti, na kitabu cha risiti ambacho hakuna aliyekiona tangu bomba lifunguliwe.

Sasa ploti za futi 50 kwa 100 zinauzwa pembezoni mwa Wote, Emali na Kitui mjini, na wanunuzi wengi wanatoka mbali. Muuzaji atakuonyesha hatimiliki na vigingi. Nenda zaidi ya hapo. Uliza maji ya mtaa yanatoka wapi, yanasimamiwa na kikundi gani, mgeni anaingia kwa kiasi gani na nani hutia saini benki. Omba kuiona katiba yao na hesabu za mwaka uliopita, kisha uhudhurie mkutano mmoja kabla ya kulipa salio la ploti.