Kuhamisha Tovuti Bila Kupoteza Wageni

Likizo iliyopita shangazi yangu wa Mikumi, anayepangisha vyumba vinne kwa wageni wanaokuja hifadhini, aliniomba nimtengenezee tovuti. Niliijenga kwa WordPress ndani ya folda niliyoiita "majaribio". Ikapendeza, naye kwa furaha akaanza kuwatumia wateja kiungo kabla hata sijamaliza. Siku ya kuizindua nilikuwa nyumbani Kilosa. Nikazoa faili zote, nikazipeleka kwenye folda kuu, nikafuta ile ya zamani, nikaenda kula. Jioni simu ikaita: "Mwanangu, wageni wanasema ukurasa haupo. Wawili wameshalala kwingine."

Sisi watu wa Kilosa tunajua kuhama. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa wengi kwenye nyumba zao. Kubeba godoro na sufuria ni kazi ya siku moja tu. Shughuli ni kila anayekutafuta ajue ulipo sasa. Tovuti nayo ni hivyo hivyo.

Kosa langu lilikuwa hili. Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili: faili, na kanzidata inayotunza maandishi na mipangilio. Kanzidata huandika anwani nzima nzima, pamoja na jina la folda. Mimi nilihamisha faili tu, kwa hiyo tovuti ikaendelea kuulizia mlango wa zamani, na mlango wenyewe nimeshaubomoa.

Wewe unayeanza, fuata mpangilio huu:

1. Chukua bekapu ya faili na ya kanzidata, zote mbili. Iweke kwenye kompyuta yako, siyo kwenye seva ileile.

2. Kabla ya kugusa faili, ingia kwenye mipangilio ya jumla ya WordPress. Utakuta anwani mbili: ya WordPress yenyewe na ya tovuti. Badilisha zote ziwe mpya, kisha hifadhi. Ukurasa ukigoma hapo, usishtuke. Faili bado hazijafika.

3. Sasa hamisha faili zote. Usisahau .htaccess, maana jina lake linaanza na nukta na mara nyingi huwa imefichwa.

4. Ingia kwa anwani mpya, fungua mipangilio ya viungo vya kudumu, hifadhi tena hata kama hujabadilisha kitu. Hapo WordPress huandika upya kanuni za njia zake.

5. Picha na viungo vilivyo ndani ya makala bado vina anwani ya zamani. Tumia programu-jalizi ya kutafuta na kubadilisha. Usihariri kanzidata kwa mkono: baadhi ya data huandikwa pamoja na idadi ya herufi zake, na ukibadilisha neno bila kubadilisha idadi, data hiyo haisomeki tena.

6. Weka maelekezo ya 301 kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Namba hiyo huiambia brauza na mitambo ya kutafuta kwamba umehama moja kwa moja. Ya 302 ni ya kuhama kwa muda.

Mwisho, fungua tovuti kwa simu ya mtu mwingine, siyo yako. Simu yako inaweza kukuonyesha kumbukumbu ya jana ukadhani mambo safi.

Na kama umeshaharibu kama mimi? Niliongeza mistari miwili kwenye wp-config.php, WP_HOME na WP_SITEURL, nikaipa anwani mpya. Mlango ukafunguka, nikaendelea na hatua ya nne. Usiku ule ule vyumba vya shangazi vikaonekana tena, na kiungo cha zamani kikawa kinampeleka mtu panapotakiwa.

Wale wageni wawili, lakini, hawakurudi. Hela ya usiku ule nimemlipa shangazi kutoka kwenye boom langu.