Shaba ya Elfu Saba, Hasara ya Malaki

Mita 10 za waya wa shaba wa milimita za mraba 70, wa aina inayotumika kuunganisha mitambo ya umeme na ardhi, zina uzito wa kilo 6 na robo. Mwaka 2024 tani moja ya shaba katika soko la London iliuzwa kwa wastani wa dola 9,000 hivi. Kwa bei hiyo waya huo una thamani ya dola 56, yaani kama shilingi 7,300 za Kenya.

Hiyo ni bei ya shaba safi, iliyokwisha kufika sokoni. Aliyeukata waya usiku haioni bei hiyo. Kati yake na London kuna mnunuzi wa mtaani, mwenye ghala na msafirishaji, na kila mmoja anakata fungu lake. Mwizi huambulia sehemu tu ya hizo elfu saba, na mara nyingi hugawana na wenzake.

Sasa tuhesabu upande wa wanaolipa. Juu ya nguzo ya transfoma ya mtaani hufungwa vizuia radi, ambavyo kazi yake ni kuipeleka radi ardhini kupitia waya huo, uitwao waya wa ethi. Waya ukiibwa, radi haina pa kushukia na transfoma inaungua. Chukua transfoma ya kVA 100 inayobeba wastani wa kilowati 30, na tuseme wananchi wanangoja wiki 2 kabla ya kuletewa nyingine. Kilowati 30 kwa saa 24 kwa siku 14 ni yuniti 10,080. Yuniti moja ikiuzwa shilingi 25, shirika la umeme limekosa mauzo ya shilingi 252,000, sawa na mara 34 ya thamani ya waya wote kwa bei ya London. Hapo hatujahesabu transfoma mpya, gari la kuibeba, wala ujira wa mafundi. Hatujagusa kinu cha kusaga kilichosimama, mchomeleaji aliyerudisha malipo ya awali ya wateja, wala zahanati iliyolazimika kuhamisha chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Kwenye kituo cha kupozea umeme hasara haingoji wiki. Kituo kinachobeba megawati 10 kikizimika kwa saa 1 tu, yuniti 10,000 haziuzwi. Mtaa ule ulihitaji siku 14 kufikia kiasi hicho. Na ikiwa kilichoharibika ni transfoma kubwa ya kituo, haipatikani dukani: hutengenezwa kwa oda, na katika miaka ya karibuni foleni ya viwanda duniani imevuka miaka 2.

Waya unaodhaniwa umekufa

Mwizi mwenye uzoefu hagusi nyaya za juu, anajua zina moto. Anafuata ethi, kwa sababu siku za kawaida haipitishi umeme wa kutisha. Lakini usalama huo upo tu wakati waya ni mzima. Akiukata, ncha moja inabaki imeungana na transfoma na nyingine na ardhi. Hitilafu ikitokea wakati huo, volti zote zinajikusanya katikati ya ncha hizo mbili, na pale katikati kuna mikono yake.

Kwenye laini ya volti 11,000, kati ya waya mmoja na ardhi kuna volti 6,350. Mwili wa binadamu una ukinzani wa kama omu 1,000. Gawanya: ampea 6 na zaidi. Moyo unaweza kuvurugwa mapigo na ampea 0.1. Dozi hiyo ni zaidi ya mara 60 ya ile inayoweza kuua. Kwenye volti 132,000 hata kugusa si lazima, kwani umeme unaruka hewani na cheche yake inaweza kufikia nyuzi joto 19,000, zaidi ya mara 3 ya joto la uso wa jua.

Mwizi akinusurika, mtego unabaki kwa wengine. Ndani ya kituo, chini ya kokoto, kuna wavu wa shaba uliofungamanishwa na kila chuma kilicho juu: fremu, ngazi, uzio, lango. Kokoto zenyewe hazikumwagwa kuzuia matope; zinaongeza ukinzani kati ya nyayo za fundi na ardhi. Wavu ukikatwa kipande, chuma kilichotengwa kinaweza kushika volti bila dalili yoyote, na breka inaweza isikate kwa sababu mkondo unaorudi ni mdogo mno kuishtua. Fundi anayekuja asubuhi kukagua anashika kitasa cha lango hilohilo.

Mtego mwingine unafika hadi sebuleni. Nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, ikikatwa kwenye transfoma ya mtaani, nyumba zilizozoea volti 240 zinaanza kugawana 415 bila usawa. Nyumba iliyowasha vitu vichache ndiyo inayoumia zaidi, kwani volti zake zinaweza kupanda zikaikaribia 415 yenyewe. Nguvu huongezeka kwa mraba wa volti, hivyo balbu au pasi inaweza kubeba karibu mara 3 ya ilichoundiwa. Friji na televisheni zinaungua, na mwenye nyumba hulaumu shirika.

Kuna pia wanaofuata mafuta. Mafuta ya transfoma yana kazi mbili, kupoza na kuzuia umeme kuruka kati ya nyaya za ndani. Yakinyonywa, mtambo mzima unakufa kwa ajili ya madumu machache. Nchini Kenya yameripotiwa kuishia kwenye vikaango vya chipsi. Si mafuta ya kula, na yale ya mitambo ya zamani yanaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulitaka vifaa vyenye nazo viache kutumika ifikapo 2025 na taka zake zishughulikiwe kwa njia salama ifikapo 2028.

Kutoka mtaa hadi taifa

Tarehe 11 Januari 2022 minara 4 ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, na Kenya yote ikaingia gizani. Mahitaji ya nchi wakati wa kilele yalikuwa kama megawati 2,000. Serikali ilisema vyuma vya minara viliibwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Marufuku ilidumu hadi Mei.

Afrika Kusini hesabu ni kubwa zaidi. Serikali yake ilikadiria kuwa wizi wa vyuma na nyaya unaugharimu uchumi takriban randi bilioni 47 kwa mwaka, na mwishoni mwa 2022 ikazuia kuuza nje shaba chakavu. Sheria ya huko ya 2015 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayehujumu miundombinu muhimu. Marekani nako, Wizara ya Nishati ilikadiria mwaka 2007 kuwa wizi wa shaba unaigharimu nchi hiyo karibu dola bilioni 1 kwa mwaka.

Mizani ndiyo mlango

Adhabu kali zina nafasi yake, lakini mtu aliyekubali kujihatarisha kwa ampea 6 kwa ujira wa elfu chache hatishwi sana na kifungo cha miaka mingi. Mwenye cha kupoteza ni mnunuzi. Wezi ni wengi na hawana anwani. Wanunuzi wenye mizani ni wachache, nao wana ghala, leseni na akaunti ya benki.

Uingereza ilijaribu njia hiyo. Mwishoni mwa 2012 England na Wales zilipiga marufuku kununua vyuma chakavu kwa fedha taslimu, na sheria ya 2013 ikawabana wafanyabiashara kwa leseni na kumbukumbu za wauzaji. Ndani ya miaka 3 wizi wa vyuma uliosajiliwa na polisi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Bei ya shaba nayo ilikuwa inashuka kipindi hicho, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa sheria.

Kwa Kenya hoja ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Nchi haina mgodi mkubwa wa shaba unaofanya kazi, kwa hiyo shaba chakavu ya humu nchini inayofika bandari ya Mombasa ilitoka ndani ya waya, mota au mtambo wa mtu. Sehemu kubwa inaweza kuwa halali. Basi mwenye kontena aonyeshe alinunua kwa nani, kilo ngapi, na malipo yalipita wapi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 tayari inawataka wafanyabiashara wawe na leseni. Marufuku ya jumla ya 2022 iliwaadhibu pia waokota vyuma wa mikokoteni, ambao wengi hawajawahi kuukaribia uzio wa kituo.

Malipo ya simu tayari yanaacha alama ya nani alimlipa nani na lini. Kuyafanya ya lazima kwa kila kilo ya shaba ni gharama ndogo ukilinganisha na transfoma moja. Mnunuzi akijua kuwa kilo 6 za waya wa ethi zitabaki kwenye rekodi zikiwa na jina lake, atazikataa mwenyewe, na mwizi atakosa wa kumpelekea.