Funga Orodha, Ndipo Ufungue Fomu

Uchaguzi wa ushirika huanzia ndani ya rejesta ya wanachama, kitabu ambacho kila chama kinatakiwa kisheria kuwa nacho. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya 2013 inampa mwanachama kura moja, awe na hisa kumi au hisa elfu moja. Kanuni hiyo ni ya tangu enzi za waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la pamoja mwaka 1844, na ndiyo inayoutofautisha ushirika na kampuni, ambako kura hufuata hisa. Hata hivyo, kura moja kwa kila mwanachama inatanguliwa na swali jingine: leo hii, mwanachama ni nani? Anayejibu swali hilo ndiye ameshika ufunguo wa ukumbi. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba jibu lazima lipatikane mapema, hadharani, na kabla haijajulikana nani anagombea. Orodha inayoandaliwa wakati wagombea wameshajitokeza huwa imeshaingia kwenye kampeni, hata kama aliyeiandaa ana nia safi.

Jambo hili lina uzito wa pekee tangu Benki ya Ushirika Tanzania ilipozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, baada ya kuunganishwa Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro na Benki ya Jamii ya Tandahimba. Mwenye akiba katika chama cha akiba na mikopo (SACCOS) hapa Mabawa, jijini Tanga, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Muheza au mkulima wa mkonge wa Korogwe haketi mwenyewe katika mkutano wa wenye hisa wa benki ya namna hiyo. Chama chake ndicho kinachonunua hisa, na chama huzungumza kwa kinywa cha mjumbe. Mjumbe huyo hutokana na bodi au mkutano mkuu wa chama cha msingi, wakati mwingine akipitia chama kikuu. Kwa hiyo kosa lililomo katika rejesta ya chini hupanda ngazi pamoja na mjumbe. Likifika juu halionekani tena, kwa sababu pale mezani lipo jina moja tu lenye barua ya utambulisho yenye muhuri. Anayetaka uchaguzi wa haki katika benki ya ushirika hana budi kuanzia kata, kwenye daftari la kaunta lililokunjika pembe.

Tulifungue daftari hilo. Tuseme ni la SACCOS ya kubuni ya mtaani kwetu, lina majina 420. Ukurasa mmoja una Mwanahamisi Juma. Kurasa tatu mbele yupo Mwanahamisi J. Omari, mwenye namba nyingine ya uanachama, na kitambulisho cha NIDA kinaonyesha kuwa ni mtu mmoja aliyebadilishiwa kitabu cha akiba kilipojaa. Yupo mzee aliyefariki, hisa zake bado zinasubiri msimamizi wa mirathi, na safu ya hali ya uanachama bado inasema "hai". Yupo aliyehamia Dar es Salaam, akachukua akiba zake zote, na barua yake ya kujitoa imelala kwenye faili bila kuandikwa rejestani. Tukiyahesabu majina ya namna hiyo yakafika 52, wenye haki wanabaki 368. Iwapo masharti ya chama yanataka akidi ya nusu ya wanachama, orodha chafu inadai watu 210, ilhali orodha safi inadai 184. Wakihudhuria 195, mkutano ulio halali unavunjwa na marehemu. Na nafasi ya mwenyekiti ikiamuliwa kwa tofauti ya kura tisa, majina 52 yasiyo na mwenyewe yanatosha kumfanya aliyeshindwa adai ameibiwa, hata kama hakuna aliyeiba.

Kanda yetu imeshalipa gharama ya orodha mbovu. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilieleza mwaka 2008 kwamba daftari la wapigakura lilikuwa na majina ya marehemu yapatayo milioni 1.2, huku raia wengi wenye sifa wakiwa hawamo. Uchaguzi wa taifa si uchaguzi wa SACCOS, lakini ugonjwa ni uleule: orodha hujaa wasiokuwepo na kukosa waliopo. Ushirika wa Tanzania nao una historia yake. Sheria ya vijiji ya 1975 ilikifanya kijiji kuwa chama cha ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Mkazi akawa mwanachama kwa sababu ya mahali anapoishi, bila kuomba wala kulipa kiingilio. Vyama vikuu vilirejeshwa kwa sheria ya 1982, na ile ya 1991 ikasisitiza uanachama wa hiari. Somo linalobaki ni kwamba mtu asiyejua kama ni mwanachama hawezi kumwajibisha kiongozi, na kiongozi asiyejua wanachama wake ni kina nani hana wa kumtolea hesabu.

Ratiba ninayoipendekeza haihitaji mitambo. Siku 60 kabla ya mkutano wa uchaguzi, rejesta ifungwe kwa ajili ya uchaguzi huo. Kamati ndogo ya watu wasiogombea, ikiwa pamoja na Ofisa Ushirika, ilinganishe rejesta na leja za hisa, barua za kujitoa na taarifa za vifo. Orodha ya awali ibandikwe kwenye ubao wa chama na wa ofisi ya kata kwa siku 14, kama Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linavyowekwa wazi ili wananchi walikague. Pingamizi ziandikwe na zijibiwe kwa maandishi, kisha orodha ya mwisho ipigwe muhuri kila ukurasa. Hapo ndipo fomu za wagombea zitolewe. India ililipa jambo hili uzito wa kikatiba: marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2012 yaliweka maandalizi ya orodha na uendeshaji wa chaguzi za ushirika chini ya chombo maalumu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliyatengua kwa vyama vya ndani ya jimbo, kwa kuwa majimbo hayakuyaridhia. Uhuru wa orodha haukuwa kosa lililotajwa, na mwaka 2023 sheria ya vyama vinavyovuka mipaka ya majimbo ilirekebishwa ili kuunda mamlaka ya uchaguzi.

Wapo watakaosema kuwa kufunga mapema kunamnyima haki aliyejiunga jana. Ni kweli atasubiri uchaguzi ujao, lakini anasubiri kwa kanuni aliyoikuta, inayomhusu kila mtu sawasawa. Mlango ukibaki wazi hadi asubuhi ya kura, mgombea mwenye fedha anaweza kuwalipia kiingilio watu 40 kwa wiki moja, na haki ya wanachama wa miaka kumi ikazama. Wengine watauliza kuhusu wadaiwa: kwa nini aliyeshindwa kurejesha mkopo achague bodi? Swali ni la haki, na masharti ya chama ndiyo mahali pa kulijibu. Kama masharti yanamzuia, yataje ni deni la muda gani na litahesabiwa hadi tarehe ipi, na mhusika apewe taarifa na nafasi ya kulipa au kupinga. Hatari ipo pale bodi inayogombea tena inapokagua mikopo siku mbili kabla ya mkutano na kugundua kwamba wadaiwa wote ni wafuasi wa upande mwingine. Kusafisha orodha kunaweza kuwa njia ya kuchuja wapinzani, na tarehe iliyotangulia majina ya wagombea ndiyo kinga.

Pingamizi la tatu ni la siri za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakumbusha kuwa taarifa za mtu si mali ya ofisi. Lakini ubao hauhitaji akiba, mkopo wala namba ya simu. Namba ya uanachama, majina matatu na mwaka wa kujiunga vinatosha. La nne, na zito zaidi, ni kwamba benki huishi kwa mtaji, si kwa orodha. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano, mojawapo ikiwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, kwa upungufu wa mtaji. Nakubali kwamba hakuna orodha inayoweza kuziba pengo la mtaji. Ila mtaji wa ushirika hutoka mifukoni mwa wanachama wenyewe, na mtu huongeza hisa pale anapoamini kwamba wanaozisimamia wamechaguliwa na wenzake walio hai, waliojiunga kwa hiari na wanaojulikana. Gharama ya kumpa imani hiyo ni karatasi chache, muhuri, na siku 14 ambazo muuza samaki anayepita Mabawa asubuhi anaweza kusimama mbele ya ubao, akalisoma jina lake na la jirani yake, na akasema palipo na kosa wakati bado linarekebishika.