Nyiragongo: Volkano inayopimwa kwa intaneti, na intaneti ilipokatika

Ukiwa Ujiji huoni mlima wa moto popote. Lakini sehemu ya maji unayoyaona pale mwaloni imetoka jirani na volkano hatari kuliko karibu zote Afrika. Ziwa Kivu humwaga maji yake Ziwa Tanganyika kupitia Mto Ruzizi, na kwenye ufukwe wa Kivu, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwetu, uko mji wa Goma na mlima wake, Nyiragongo.

Kwa mwenye ndugu au mteja Goma, swali la usiku wa Jumamosi, 22 Mei 2021, lilikuwa moja: kwani mlima huu haupimwi?

Unapimwa. Kituo cha Goma, kwa kifupi OVG, kimeweka mashine za kunasa mitetemo kuzunguka mlima. Mwamba ulioyeyuka ukianza kupanda hupasua miamba iliyo juu yake, na kila mpasuko ni tetemeko dogo ambalo wewe hulisikii. GPS huonyesha ardhi ikivimba. Satelaiti hupima gesi ya salfa. Taarifa za mashine za mlimani hufika ofisini kwa intaneti.

Tatizo lilianzia hapo. Ufadhili wa Benki ya Dunia uliisha 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kikashindwa kulipia intaneti. Mashine zipo mlimani, ofisini hakuna kinachosomeka. Yaani simu kali, bando hakuna. Huduma ilirudi wiki chache tu kabla ya mlipuko.

Je, bando lingeokoa watu? Tuwe wakweli: huenda si sana. Utafiti uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa safari hii mlima ulitoa ishara za wazi chini ya saa moja kabla ya lava kutoka ubavuni. Zaidi ya watu 30 walifariki, wengine kwa ajali wakati wa kukimbia.

Vipimo vilifanya kazi yake siku zilizofuata. Mitetemo ilionyesha mwamba ulioyeyuka unasogea chini ya mji na kuelekea ziwani. Tarehe 27 Mei watu wakaamriwa kuhama, na mamia ya maelfu waliondoka. Mlipuko wa pili haukutokea, na wapo waliolalamika kwamba wamesumbuliwa bure. Mimi sioni hivyo. Chini kabisa ya Kivu kuna methani na kabonidioksaidi nyingi mno, na mwaka 1986 gesi iliyofumuka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja.

Hata bila mlipuko gesi huua. Goma huita mazuku ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi, hata watoto. Wanasayansi duniani wamelichukua neno hilohilo.

Na sisi? Lava haitafika Ujiji. Tunachoshirikiana na Goma ni Bonde la Ufa lenyewe, ndiyo maana tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika na kuitikisa Kigoma.

Ukipokea video ya lava WhatsApp, kabla hujaisambaza mpigie ndugu yako aliye Goma, umuulize kituo kimetangaza rangi gani: kijani, njano, machungwa au nyekundu.