Jina la Biashara Yako na Mteja Wako

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea na somo hili tafuta kanga. Kama hukuvaa leo, azima kwa jirani. Ikunjue juu ya meza ili wote darasani waione.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo ni ule urembo wa pembeni unaozunguka pande zote nne. Mji ni sehemu ya katikati. Jina ni yale maneno makubwa, nayo kila mmoja wetu huyatazama kwanza, maana jina ndilo linalosema. Sasa tazama tena, karibu na pindo. Mara nyingi utaona maandishi mengine, madogo. Wengi huvaa kanga miaka mingi bila kuyasoma. Kama una bahati, utasoma herufi hizi: K.H.E., na mbele yake, Mali ya Abdulla.

Huyo Abdulla ni nani?

Alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa. Jina lake kamili lilikuwa Kaderdina Hajee Essak, na watu walimwita Abdulla. Herufi K.H.E. ni mwanzo wa majina yake matatu. Alianza biashara ya kanga mwaka 1887. Wakati huo kanga hazikuchapwa hapa kwetu. Ziliagizwa Ulaya na Bara Hindi, zikaja kwa meli. Wafanyabiashara wa kanga walikuwa wengi, na kanga ya huyu na ya yule zilifanana. Mnunuzi angejuaje kwamba hii imetoka kwa Abdulla? Basi akaamua kila kanga yake iwe na alama yake.

Katika biashara ya kanga karibu kila kitu hubadilika. Rangi hubadilika. Urembo wa mji hubadilika. Maneno hubadilika kila mara, maana akina mama hawataki kanga ya mwaka jana. Hata herufi zilibadilika: zamani maneno ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi hizi tunazojifunza. Lakini alama ya Abdulla iliendelea kuwa ile ile. Babu alikufa, watoto na wajukuu wakaendelea na duka Mombasa, na alama ikabaki. Imepita zaidi ya miaka 100. Bibi aliyeinunua kanga hiyo ujana wake aliweza kumtuma mjukuu dukani na kumwambia, "Niletee ya Abdulla." Hakuhitaji kueleza zaidi.

Hiyo ndiyo maana ya alama ya biashara. Ni ahadi fupi. Mnunuzi akiiona anakumbuka kitu alichonunua mara ya kwanza, naye anatumaini kupata kile kile.

Alama husomwa hata na asiyejua kusoma

Kabla hujaanza kisomo ulikuwa tayari unasoma. Ulijua kopo la Blue Band kwa rangi yake. Ulijua dawa ya viatu ya Kiwi kwa kopo lake dogo la duara na yule ndege. Ulijua daladala la kwenu kwa mstari wa rangi ubavuni. Hakuna aliyekufundisha darasani.

Majina mengine yamekuwa maneno ya kila siku. Mtu husema, "Nipe kiwi," akapewa dawa ya viatu ya kampuni nyingine, naye akatosheka. Sokoni tunanunua mahindi na maharage kwa sado. Sado ni nini? Ni ndoo ndogo ya rangi ya Sadolin. Rangi iliisha, ndoo ikabaki, jina la kampuni likawa jina la kipimo.

Jina pia hushika mahali. Hapa petu panaitwa Mtoni kwa Aziz Ali. Mzee Aziz Ali alikuwa mkandarasi wa majengo, na ndiye baba wa Dossa Aziz aliyekuwa mstari wa mbele katika TANU. Mzee amefariki zamani. Makondakta wa leo ambao hawakumwona hata kwa picha huliita jina lake kutwa nzima.

Wewe unayeuza maandazi, vitumbua, karanga au mkaa kwenye kibaraza chako huna kiwanda. Hata hivyo una jina. Watu wanasema, "Nenda kwa Mama fulani pale kwenye mwembe," au wanasema, "Usiende kwa yule." Jina tayari unalo. Linalobaki ni kulitunza.

Kitu kile kile kila siku

Tuchukue maandazi, kwa kuwa kila mtu anayajua.

Mama mmoja anapika maandazi mazuri Jumatatu. Yana iliki, yana tui la nazi, yamevimba. Jumanne ametia sukari kwa kukisia, yakawa matamu mno. Jumatano amewahi kuyatoa mafutani, ndani ni mabichi. Alhamisi anapika mazuri tena. Mteja wa Jumatano harudi kuyaonja ya Alhamisi. Amekwisha kwenda kwa jirani.

Dawa yake ni daftari na kipimo kimoja. Chagua kikombe kimoja na usikibadilishe. Andika: unga vikombe vingapi, sukari vingapi, hamira vijiko vingapi, nazi ngapi. Andika na unene wa kusukuma unga. Mpishi hodari atacheka na kusema mkono wake unajua. Ni kweli, mkono wake unajua. Lakini siku akiugua malaria, binti yake ndiye atakayepika, na mkono wa binti haujui. Akifungua daftari na kusoma, maandazi yatakuwa yale yale na wateja hawatajua kwamba mama amelala kitandani. Kwa maoni yangu, hii ni faida kubwa ya kisomo kupita hata kusoma barua bila kumwita mtoto wa jirani.

Mambo mengine nayo yawe yale yale. Kama unafungua saa 12 asubuhi, fungua saa 12 kila siku, maana kuli anayepita kwenda bandarini hawezi kukungoja. Kama ndoo yako ni ya bluu, iache iwe ya bluu. Kama umeandika jina kwenye ubao, liandike hivyo hivyo kwenye mfuko wa karanga. Na kama unapokea pesa kwa simu, angalia ni jina gani linalotokea mteja anapolipa. Ubao unasema jina moja na simu inasema jina la mtu asiyemjua: mteja anasita, anadhani anatapeliwa.

Unga ukipanda bei

Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza kati ya Urusi na Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani. Tanzania huagiza ngano yake nyingi kutoka nje. Basi mama wa maandazi wa Mtoni akaguswa na vita ambavyo hajui vilianzia wapi.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano. Wewe weka za kwako. Tuseme mama anatumia unga kilo 2 kwa shilingi 4,000. Sukari, mafuta, nazi, hamira, iliki na mkaa ni shilingi 7,000. Jumla shilingi 11,000. Anapata maandazi 70, anauza moja kwa shilingi 200. Anapata shilingi 14,000. Faida shilingi 3,000.

Sasa unga umepanda. Kilo 2 ni shilingi 4,800. Gharama imekuwa 11,800. Akiuza kama zamani, faida inashuka hadi shilingi 2,200. Afanye nini?

Wengi hukata maandazi yawe madogo. Kutoka unga ule ule anatoa 74. Mara 200 ni shilingi 14,800. Toa gharama, faida ni 3,000 kama zamani. Kwenye karatasi hesabu hii inapendeza. Lakini mteja hanunui kwa karatasi. Anashika andazi kwa mkono, na mkono wake una kumbukumbu. Hatasema neno. Atajua tu kwamba umempunja na ukanyamaza, na kuanzia siku hiyo atatazama kila kitu chako kwa jicho la pili.

Njia nyingine ni kuacha ukubwa ule ule na kuuza maandazi 4 kwa shilingi 1,000, yaani 250 kila moja. Wateja wengine wataondoka. Wakinunua 56 tu badala ya 70, atapata shilingi 14,000, na faida itakuwa 2,200, sawasawa na yule aliyeacha bei ya zamani. Akiuza zaidi ya 56, amemshinda. Akiuza pungufu, bora angeacha bei ya zamani.

Njia ipi ni bora? Inategemea wateja wako ni nani na jirani yako anauza bei gani. Ukiona unga utashuka karibuni, vumilia faida ndogo. Ukiona hautashuka, pandisha bei, lakini sema wazi. Siku tatu kabla, mwambie kila mteja: "Unga umepanda. Kuanzia Jumatatu itakuwa manne kwa elfu. Ukubwa ni ule ule." Wapo watakaonung'unika. Kunung'unika si kitu. Mteja anayenung'unika bado yuko mbele yako. Na hata ukiamua kupunguza ukubwa, sema. Kinachovunja jina ni siri.

Mambo haya ni hayo hayo kwenye mzani. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara na kuzipiga chapa kila mwaka. Mzani usio na chapa huleta faini, lakini kabla ya faini huleta maneno ya watu.

Namna ya kumpokea mteja

Wazee wanakumbuka miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yafunguliwe ya ushirika. Baadaye bidhaa zikaadimika. Watu walipanga foleni kwa sabuni, sukari na mafuta. Mwuzaji mwenye sabuni moja na wanunuzi hamsini hana haja ya kusema "Karibu." Wengine walizoea kutupa bidhaa juu ya meza na kutazama pembeni. Siku hizi kuna sabuni kila kibanda, lakini tabia ile wengine wameirithi bila kuipanga foleni.

Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kwenda kujifunza ukarimu mbali. Mteja mzee mpe shikamoo kabla hajataja anachotaka. Mtoto aliyetumwa mhudumie kwa zamu yake. Usimruke kwa sababu ni mdogo. Mama yake yuko nyumbani anahesabu dakika.

Chenji ni jambo dogo linaloharibu majina mengi. Mteja anadai shilingi 100, anapewa pipi au kiberiti. Hakuja kununua pipi. Jioni badilisha noti moja upate sarafu za 50, 100 na 200, uziweke kwenye kopo lake, asubuhi usihangaike.

Mteja akirudisha kitu, kwa mfano andazi bichi, mpe jingine na umwambie, "Samahani, baba." Usibishane. Hesabu hii itakuonyesha sababu. Mtu anayenunua maandazi 3 kila siku ya kazi hutoa shilingi 600. Kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 15,600. Kwa mwaka ni shilingi 187,200. Hayo ni mauzo, si faida, lakini ni ya mtu mmoja. Andazi ulilobishania ni shilingi 200.

Mkopo ndio mgumu zaidi. Ukimkopesha kila mtu, mtaji unaisha. Ukimkatalia jirani vibaya, umepoteza mteja na jirani pia. Amua kanuni moja na uitumie kwa wote, hata kwa shemeji. Kama unakopesha, kila deni liandikwe mbele ya mteja mwenyewe, naye alisome. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuandikisha jina

Ukitumia jina lisilo lako mwenyewe, kama "Maandazi Mwembeni," sheria inataka uliandikishe. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na BRELA, wakala ulioanzishwa mwaka 1999. Kuandikisha jina la biashara ni jambo moja; kuandikisha alama ya biashara ili mwingine asiichape kwenye bidhaa zake ni jambo la pili, lenye sheria yake ya mwaka 1986. Alama hulindwa miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mwenye ungo wa maandazi hana haraka ya hili la pili. Anayefungasha karanga au sabuni na kuzipeleka hadi Mbagala na Kariakoo afikirie mapema. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, huwashauri watu wa namna hiyo juu ya ufungashaji.

Mazungumzo darasani

1. Soma maandishi madogo kwenye kanga tano tofauti. Umeona alama ngapi?

2. Taja mwuzaji wa hapa mtaani unayemwamini. Ni kitu gani chake hakijabadilika tangu umjue?

3. Unga umeshuka tena hadi shilingi 4,000 kwa kilo 2. Mama alikuwa amepandisha bei iwe maandazi 4 kwa shilingi 1,000, na wateja wamezoea. Je, arudishe bei ya zamani?